Mmoja Asiyekubali

Baba alituachia shamba la zabibu la Hombolo pamoja na sharti moja, alilolitamka mbele ya mchungaji na ndugu zake: lisiuzwe mpaka kila mtoto wake akubali.

Siku ya kuanua matanga, baada ya ugali wa uwele na mlenda, kaka Gerson alisema amepata mtu wa kulinunua na kulikata viwanja. Gerson mwenyewe anaishi mjini, Area D, na hana muda wa mizabibu. Ndugu yetu Stanley alikubali. Mdogo wetu Erica, anayesoma hisabati chuo kikuu kule Chimwaga, naye alikubali. Zamu yangu ilipofika niliangalia mkeka. Tangu nimalize kidato cha nne nilikuwa nikipogoa mizabibu ya shamba lile pamoja na baba, na tangu tumzike hakuna mahali pengine nilipomhisi karibu. Nikasema polepole kwamba mimi sitaki.

Gerson hakukasirika. Alieleza kwa upole kwamba kinyume cha wote kukubali ni wote kukataa, na kwa kuwa hatukukataa wote, hakuna kizuizi. Wazee wakaguna kwa kukubali. Hata mimi niliona yuko sahihi. Mmoja ni nani mbele ya watatu? Nikaanza kukusanya vyombo.

Ndipo Erica akamgeukia baba mdogo Zablon, ambaye maisha yake yote amefuga.

"Baba mdogo, jioni nikikwambia mbuzi wote wamerudi, wapotee wangapi ili niwe mwongo?"

"Mmoja tu. Na huyo ndiye atakayeninyima usingizi."

"Basi na hapa ni hivyohivyo. Kinyume cha kila mtoto kukubali ni kuwapo mtoto mmoja asiyekubali. Si lazima tukatae wote."

Gerson akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe amekubali.

"Nimekubali, kaka, na bado nataka liuzwe. Lakini hesabu hainiulizi nataka nini."

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia Gerson ampelekee mnunuzi salamu zetu, shamba haliuzwi. Kisha akanitazama.

"Na wewe mbuzi uliyebaki porini, utalilima?"

"Nitalilima, baba."

Msimu wa kupogoa ulipofika niliingia shambani peke yangu, na sikujisikia mpweke. Jumamosi moja Gerson akatokea bila taarifa, mkononi ana mkasi mpya. Kikao hakukitaja. Alilalamikia jua, akalalamikia mchwa, akaniuliza nitaishi vipi na kazi hii. Nilimwonyesha kama nilivyoonyeshwa na baba: acha macho mawili ya kuchipua kwenye tawi, panapozidi kata. Aliharibu mashina kadhaa. Nilimwacha aendelee, nikahamia mstari wa pili, nikawa namsikia akinung'unika huku mkasi ukilia.