Japheth Atiwa Dhamana ya Mwiko

Ijumaa moja ya mwaka 2013, katika chumba cha watu sita kwenye kampi moja ya wafanyakazi wageni ya Industrial Area, katika nchi ya Kiarabu, Japheth alijikuta mshtakiwa kabla nyama yake haijaiva. Alikuwa mlinzi wa duka la vitambaa kwenye mtaa wa Al Sadd, mtu asiye na makuu. Lakini kila alipopika, Tom wa kitanda cha juu alishuka na kubusi, ule mkate bapa wa Kiarabu, akauchovya kwenye sufuria isiyo yake, eti anaonja chumvi. Siku hiyo Japheth akamwambia, "Ukionja tena, nitakuonjesha huu mwiko."

Tom akaenda moja kwa moja kushtaki kwa Cornelius, mwenzao wa chumba aliyependa kuamua kesi.

Cornelius aliendesha basi la kampuni, lakini babu yake alikuwa karani wa mahakama kule Kisii enzi za mkoloni. Babu alimsimulia jinsi Bwana DC, mkuu wa wilaya, hakimu na mtoza kodi kwa wakati mmoja, alivyomaliza kesi ndogo ishirini kabla ya chakula cha mchana: mlevi huyu, mwenye mbuzi mharibifu yule. Aliyetishia kumpiga mwenzake alitia kidole gumba kwenye hati ya kutunza amani, na mdhamini akasimama naye.

Basi Cornelius akavaa helmeti ya saiti, kwa kuwa DC alivaa kofia ngumu, akakalia ndoo.

"Ulitamka maneno hayo, hukutamka?"

"Nilitamka, lakini huyu Tom..."

"Inatosha."

"Na nyama yangu je?"

"Nyama haiko kwenye shtaka."

Japheth akatiwa kidole kwenye hati ya kutunza amani ya miezi sita: asimtishie Tom kwa mdomo wala kwa mwiko. Philipo, Mganda mpole, akakubali kuwa mdhamini kabla hajaelewa kwamba Japheth akiteleza, wote wawili wataosha vyoo vya kampi mwezi mzima.

Alipoelewa, hakumwacha tena. Japheth akihema kwa nguvu, Philipo alimletea maji. Akikunja uso, alimnong'oneza, "Ssebo, bwana wangu, tabasamu."

Ijumaa iliyofuata Tom alishuka na kubusi mbili. Japheth alishika mwiko. Akamtazama Philipo, akavikumbuka vile vyoo, akauweka chini.

"Tom, ndugu yangu mpendwa, karibu uonje," akasema taratibu. "Chukua hiki kipande kinono. Mchuzi nao usiuache. Mungu akubariki."

Nyuma yake Philipo alikuwa ametabasamu mpaka magego yakaonekana.

Tom aliangalia kile kipande, akawaangalia wale wawili, akakirudisha polepole. Ijumaa ya pili alinusa tu. Ya tatu alikwenda kwa Cornelius akiwa amekonda kidogo.

"Mheshimiwa, ifute hiyo hati. Sijui wananitilia nini."

"Amekutishia?"

"Ananiombea. Kila nikishika kubusi, ananiombea. Afadhali anitukane kama zamani."

Cornelius alikuna helmeti. Babu yake hakuwahi kumsimulia mlalamikaji wa namna hiyo. Akamwita Japheth amweleze kwamba huenda akaachiliwa mapema.

Japheth, ambaye kwa majuma matatu alikuwa amekula nyama yake yote hadi mfupa, alisimama wima.

"Napinga, mheshimiwa," alisema. "Nilihukumiwa miezi sita, na nitaitumikia yote."

Ombi la Tom likatupwa. Jioni hiyo akaloweka maharagwe yake mwenyewe.