Chatu Watatu Huria

Kwa mambo ya kompyuta, Ifakara nzima hakuna wa kumfikia Agnella. Muulize yeyote atakwambia, mradi huyo utakayemuuliza awe Agnella mwenyewe. Kompyuta hana. Ana simu yenye kioo kilichopasuka, daftari la kurasa themanini, na vijana kumi na wawili wa Mlabani anaowafundisha kuandika programu kwa penseli. Wakimaliza ukurasa anasahihisha yeye, maana karatasi haikwambii umekosea mstari gani.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye benchi la ofisi ya vibali tangu saa mbili. Kompyuta kumi za mtumba, msaada wa wafadhili, zilikuwa juu ya fuso pale Viwanja Sitini. Kibali kikigongwa muhuri kabla ya saa sita, zinashushwa kwa vijana wake. Kisipogongwa, dereva anazipeleka wilaya nyingine.

Wafadhili walitaka jambo moja tu: aeleze vijana watajifunza kwa kusoma programu zipi. Kwa wiki tatu, kwa simu hiyo hiyo, Agnella akalinganisha miradi mitatu midogo ya programu iliyoandikwa kwa lugha ya Python, ambayo wenyewe wameiacha wazi ili yeyote aisome na kuirekebisha. Wa kwanza ulihesabu magunia ya mpunga ghalani: mkubwa, mzito, aliyeuandika mwenyewe sidhani kama anauelewa. Wa pili ulikuwa mchezo wa kubahatisha namba: mwepesi, ila ukiumaliza jioni, kesho huna cha kujifunza. Wa tatu ulitunza kumbukumbu za mvua: mfupi, kila kipande na kazi yake, na alipowaandikia wenye mradi swali la kijinga, walimjibu siku hiyo hiyo bila kumcheka. Akauchagua huo.

Wiki iliyopita barua yake ya maelezo hayo, yenye anwani ya kwao Idete, ilikataliwa dirishani kwa kuwa imejaa Kiingereza. Restuta, karani wa masjala, akamhurumia, akaichapa upya kwa Kiswahili fasaha. Kamusi anayo. Python akaitafuta, akaipata. Barua ikaenda moja kwa moja kwenye meza ya wanyamapori.

Asubuhi hiyo ya benchi, saa tano na nusu, akaitwa kwa Afisa Hermenegildi wa wanyamapori.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa chatu?"

"Wa nini?"

Mzee akavaa miwani, akasoma kama anayesoma wosia. "'Ulinganisho wa miradi mitatu midogo ya chatu huria, kwa vijana wanaojifunza.' Binti, chatu huria! Nchi hii hakuna chatu huria. Chatu wote ni wa serikali. Kibali hiki sikigongi muhuri."

"Mzee, hiyo ni lugha."

"Lugha gani? Nimefika mpaka kwenu Idete, Jumanne, nimewakagua kwa macho haya." Akageuza faili ili Agnella aone taarifa na saini. "Wa kwanza ni mkubwa, mzito. Wa pili mwepesi. Wa tatu mfupi, na anajibu upesi akiulizwa."

Agnella akasoma mara mbili. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, yamechotwa kwenye barua.

"Anajibu, mzee?"

"Anajibu." Hermenegildi akahamisha kalamu kutoka kulia kwenda kushoto. "Kwa kichwa."

"Python kwa Kiingereza ni chatu, ila hapa ni jina la lugha ya kuiamuru kompyuta. Hakuna nyoka hapo, hata mjusi hakuna. Andika tu kwamba hakuna chatu, ugonge muhuri. Fuso linaondoka saa sita."

Mzee akavua miwani. Alikuwa ameelewa vizuri sana, na hapo ndipo palipoharibika. Kuandika kwamba hakuna chatu ni kuandika kwamba hakukagua kitu, na safari ya Idete ilishasainiwa na mkubwa wake, na pesa ya mafuta ilishalipwa.

"Taarifa ikishaingia kwenye faili haitoki," akasema. "Kata rufaa. Utajibiwa ndani ya siku ishirini na moja."

"Siku ishirini na moja kompyuta zitakuwa zinatumiwa na watoto wa watu wengine!"

"Watoto wote ni wa taifa, binti."

Simu ikalia. Dereva. "Sista, saa sita hiyo, mi nasepa. Bosi ananiwashia moto." Nyuma ya sauti yake injini ilikuwa tayari inaunguruma.

Agnella akaiweka simu mezani, juu ya faili. Hakulia. Kulia angelia kwao.

"Haya, mzee. Kompyuta zimekwenda. Sasa nataka chatu wangu. Twende Idete ukanionyeshe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nitalipa bodaboda."

"Watakuwa wamehama. Jumanne niliwaacha ng'ambo ya mto, tope mpaka magotini, nimerudi jua linazama..."

Mlango ukasukumwa kwa kiwiko. Restuta akaingia na chai ya mzee, masikio yakiwa yametangulia, akamgeukia.

"Jumanne ipi hiyo, Baba Evod? Jumanne si umeshinda hapa hapa na mguu wako juu ya kiti, ukanimalizia mihogo yangu yote?"