Ua la Mbaazi

Nzula alikigeuza kitambaa cha kochi upande wa nyuma, akapitisha kidole taratibu akitafuta fundo la mwisho la uzi. Hakulipata; hiki kilifumwa kwa mashine. Lakini upande wa mbele palikuwa na ua lake la mbaazi, na chini yake ganda lililopinda kushoto, vilevile alivyolipinda yeye nafasi ilipomwishia.

"Mathe, unanunua ama unaangalia tu?" Masila, mwenye duka, aliuliza kutoka nyuma ya marobota.

"Hii ni yangu."

"Ukilipa itakuwa yako."

Wateja wakacheka. Nzula naye akacheka kidogo, maana hakujua afanye nini kingine na uso wake.

"Ni mimi nilibuni hii. Nyinyi mlitoa wapi?"

"Inakuja na kontena ikiwa imefungwa hivyo. Mtu alipiga picha mahali, akatuma kiwandani. Mimi nikikataa kuuza, jirani yangu hapa Ngara atauza."

Hakusema kwa ubaya. Alimkunjia kimoja, akampa bure.

Kwenye meza yake pale Dagoretti Corner, Nzula aliishi kwa kufuma vitambaa vya makochi, na ua hilo ndilo lililomjengea jina. Sasa wateja walipita wakiwa wamebeba vya mashine, na wengine walinong'ona kwamba mama huyu anaiga vya dukani. Hilo la kuiga lilimnyima usingizi kuliko njaa. Alitaka mtu mmoja tu mwenye mamlaka aseme kwamba ua ni lake.

Ndiyo maana alipanda ngazi za ofisi ya hakimiliki katikati ya jiji. Afisa aliyempokea, Maureen, alimvutia kiti mwenyewe kama anayemkaribisha bibi yake.

"Shosho, kazi ni yako tangu siku uliyoifanya, hata kama hukuiandikisha. Sheria iko upande wako."

Nzula akashusha pumzi.

"Shida ni kuonyesha nani alitangulia. Ile ya kwanza kabisa iko wapi?"

"Niliifumua."

"Uliifumua?"

"Ya kwanza huwa ya kujaribu, mama. Haikai sawa. Unaifumua, uzi unautumia tena. Hata mama yangu alifanya hivyo."

Maureen alizungusha kalamu. "Basi nitafutie picha ya zamani. Yoyote, bora ua lionekane."

Picha ilikuwepo. Wavinya, mteja wake wa kwanza, alikuwa ametandika seti nzima ya vitambaa hivyo siku wakwe walipokuja kutoa mahari ya binti yake. Wanawake hao wawili waliitoa albamu chini ya kitanda, wakaipangusa vumbi, wakafungua kurasa zilizogandana. Walikuwepo wazee wa kuoa na wazee wa kuozesha, mashangazi wamejipanga, soda mezani. Na kila kochi lilikuwa limekaliwa.

"Ngai," Wavinya alisema polepole. "Hao watu wote wameegemea vitambaa."

"Hakuna hata mmoja aliyesimama?"

"Wasimame kwa nini, na chakula kilikuwa kinakuja?"

Walicheka mpaka Wavinya akajifuta macho. Kisha wakaona, kando ya sikio la mjomba mmoja, ncha ya ganda la mbaazi. Nzula aliifunga picha hiyo katika leso na kurudi nayo mjini.

Maureen aliikuza kwenye kompyuta hadi sikio likajaa kioo kizima. Aliinamisha kichwa huku na huku.

"Mimi nakuamini, shosho. Lakini wakili wa wale wenye kontena atasema huu ni mkunjo wa shati. Na wenye kontena wenyewe hatuwajui, wala kiwanda kiko nchi gani hatujui."

"Kwa hivyo?"

"Ukibuni ua lingine, uje tuliandikishe mapema."

Nzula alishukuru. Alishuka ngazi akishikilia ukuta.

Kesho yake, mawingu yakiwa mazito juu ya Ngong Road, mwanamke mmoja alisimama mezani pake. Aliinua kitambaa, akakivuta pembe kwa pembe, akachungulia matundu.

"Umeiga vizuri, shosho. Karibu zifanane na zile za Ngara."

Nzula alifungua mdomo aseme ua ni lake. Alimtazama mama wa watu, kucha zake safi, mwavuli wake kwapani.

"Kochi lako ni la watu wangapi?" aliuliza.

Matone ya kwanza yakaanza kugonga karatasi ya nailoni juu ya vichwa vyao, na wote wawili wakasogea ndani kidogo, kila mmoja ameshika pembe yake ya kitambaa.