Karibu Kila Siku

Saa saba kasorobo mchana, kiti cha dirishani kilikuwa kimeshavutwa na chakula kiko mezani, kimefunikwa kwa sahani nyingine. Fundi wa vyerehani aliviona vyote viwili kutoka ng'ambo ya barabara, akajua amechelewa kukataa.

Hakuja kula. Alikuja kumwambia shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe na mwenye mgahawa ule, kwamba leo atakula kwa binti yake. Binti alikuwa anafungua mgahawa wake siku hiyo, mtaa wa pili tu, nyuma ya stendi ya mabasi, na alikuwa amemwomba baba yake jambo moja: aje saa saba, na aje na njaa.

"Chakula cha kwanza kitoke kwenye sufuria kiingie mdomoni mwako," alimwambia. "Ukisema kiko sawa, nauza. Ukisema bado, narudi jikoni."

Hakuwa anambembeleza mzee. Mjini pale ulimi wa fundi uliaminika. Kazi yake ilimtembeza karakana kwa karakana, begi la bisibisi begani na kopo la mafuta mkononi, na cherehani ilipokwama ndipo alipokula mchana. Alijua kwamba maharage ya nyuma ya posta ni ya Jumatatu, kwa kuwa mpishi huyaloweka Jumapili nzima. Siku nyingine huyaharakisha na yanagoma kuiva. Alijua kantini ya hospitali ina supu nzuri kuliko hoteli iliyo mbele yake, mradi uwahi kabla manesi hawajabadilishana zamu. Samaki wa sokoni aliwasifu mbele ya mwenye kikaango, na siku mafuta yalipokuwa ya jana aliwaponda mbele ya huyohuyo. Ndiyo maana gazeti lilipomtaka mwenyeji ataje sehemu anazopenda kula, halikuhangaika kutafuta mtu.

Alizitaja zote. Kuhusu mgahawa wa shemeji alisema: "Hapo nakula karibu kila siku." Gazeti likachapa vilevile, neno kwa neno. Aliyeharibu ni mchora mabango. Shemeji alimpa maneno yale ayaandike ukutani, naye, kwa mazoea ya kufungua kila bango la mgahawa kwa neno lilelile, akaling'oa katikati na kulipandisha juu kwa herufi nyekundu: KARIBU! Chini yake: FUNDI HULA HAPA KILA SIKU. Pembeni akachora kichwa chenye kofia, kilichofanana na fundi kiasi cha kutoweza kukanushwa.

Tangu hapo wateja walioingia walitazama dirishani kwanza. Kiti kikiwa kitupu, waliuliza.

"Shemeji," alisema fundi akiwa bado mlangoni, "leo sikai."

"Kaa kwanza ndiyo useme hukai." Shemeji alikuwa ametokea jikoni, mikono yake ina maji.

"Leo mtoto anafungua."

"Najua anafungua. Sufuria anazopikia nimempa mimi." Akashusha sauti. Nyuma yake meza ndefu ilikuwa imejaa walimu, wageni wa mkutano, mmoja ana lile gazeti kwapani. "Hawa wamefuata bango. Ukigeuza sasa hivi, watasema nini? Watasema hata mwenye ulimi kakimbia."

"Bango lenyewe lina makosa. Mimi nilisema karibu kila siku."

"Na mimi nakukaribisha kila siku. Kosa liko wapi?"

Muuza nyama, aliyekuwa akila pembeni, alicheka mpaka akapaliwa. "Fundi, wewe umeshaolewa! Tatizo lako hukuulizwa mahari."

Shemeji hakucheka. Hakusema pia lile ambalo angeweza kulisema: kwamba mkewe fundi alipolala kitandani miezi na miezi, chakula cha nyumba nzima kilitoka jikoni humu, na binti anayefungua leo alilelewa na sufuria zilezile. Hakuwahi kulisema. Angelisema hata mara moja, fundi angepata la kujibu.

Akakaa.

Alipanga kula kidogo tu, kisha aage. Lakini mwalimu mmoja aliinua simu ampige picha, akamwomba arudie kwa kuwa kijiko kilimziba uso. Mwingine akataka waonekane wote wawili. Kila picha ilidai kijiko kilichojaa, na kila kijiko kilichojaa ilibidi kimezwe. Sahani ilipoonekana nyeupe katikati, shemeji aliongeza wali bila kuuliza.

Simu yake ikalia.

"Baba, uko wapi? Kuna kondakta ameshakaa hapa, nimemwambia asubiri."

"Niko njiani, mama," alisema fundi, shavu limejaa.

"Njia gani hiyo inayogonga vijiko?"

Alitoka walimu walipotoka, akatembea haraka kadiri tumbo lilivyomruhusu. Mgahawa wa binti ulikuwa chumba kimoja kinachonuka rangi mpya. Kondakta alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono shavuni, tiketi zake zimebanwa vidoleni. Binti alipakua, akaweka sahani mbele ya baba yake, akasimama.

Fundi akatafuna. Alitafuta chumvi ulimini, hakuiona. Akatafuta kasoro, nayo hakuiona. Akameza kwa shida, jasho likimtoka chini ya kofia.

"Vipi?"

"Kiko sawa."

"Kiko sawa kwa ulimi, au kiko sawa kwa baba?"

Kondakta akaacha kuegemea shavu. Fundi aliweka kijiko chini. Juu ya chakula hakuwa amewahi kumdanganya mtu.

"Sijui," alisema. "Nimeshiba."

"Basi acha. Njoo kesho saa saba. Na njaa."

Kabla hajajibu, simu ililia tena. Spika yake ya sikioni ilikuwa imekufa zamani. Kila aliyempigia alisikika chumba kizima.

"Shemeji," ilisema sauti, "wale walimu wamewaambia wenzao. Kesho wanakuja wote, saa saba. Nikuwekee kuku au samaki?"

Binti alikuwa anamtazama. Fundi alitazama sahani.

"Samaki," alisema.

Binti aliichukua sahani ya baba yake akaipeleka nyuma. Akarudi na nyingine, imejaa, akaiweka mbele ya kondakta. Kondakta akaweka tiketi mfukoni, akaanza kula.