Pikipiki ya Nyuma ya Kosta

"Huu ndio mkuki wa marehemu," alisema baba mkubwa wa ukoo, akauweka ufunguo wa pikipiki kwenye kiganja cha Rwegasira. Wanaume waliokaa kwenye viti vya plastiki wakapiga makofi.

Mkuki wenyewe, ambao kwa mila hukabidhiwa mrithi wa kiume, ulishaliwa na mchwa zamani huko Muleba. Kwa hiyo siku hii ya kuondoa matanga, hapa uani Buzuruga, ukoo uliona kitu cha kiume alichokiacha Jovinary ni ile pikipiki ndogo nyekundu. Na kwa kuwa alijaliwa mabinti watupu, mrithi akawa mdogo wake, Rwegasira. Teodora, mjane, alikuwa mkekani na wanawake wenzake. Hakuna aliyemuuliza neno.

"Usiwe na wasiwasi, shemeji," Rwegasira alimwambia kwa upole wa mtu aliyeshiba. "Kosta tunakuachia. Nyumba ni ya mwanamke."

Kosta, basi lao dogo! Yeye na Jovinary waliing'oa viti kwa mikono yao, wakaweka kitanda, jiko la gesi na cherehani, na fundi wa Mabatini akawachomelea kichanja cha chuma nyuma cha kubebea pikipiki. Wakawa wanafuata minada kandokando ya ziwa, Magu, Lamadi, Bunda, hadi Musoma. Kosta ililala kando ya lami. Pikipiki ilishushwa ikaingia vijijini kuchota maji na kukusanya nguo za kushona. Bila pikipiki, Kosta ni kibanda tu cha barabarani. Teodora alijua wanachomtakia: akae uani, apike, asubiri mabinti waje kumwona Krismasi. Roho ilimuuma hadi akasikia meno yake yakisagana.

Na kulikuwa na jambo wasilolijua. Goti la Jovinary lilikufa siku nyingi. Gari walipokezana, na mwanamke kushika usukani ukoo ulishazoea. Lakini juu ya pikipiki aliyekaa mbele alikuwa Teodora, na mumewe nyuma, amekumbatia furushi la nguo. Kila walipokaribia kwa ndugu, Jovinary alimgusa bega: "Mama Hellen, tubadilishane." Wakabadilishana nyuma ya minyaa, wakaingia uani mwanamume akiwa mbele kama inavyotakiwa, goti likimchoma, ndugu zake wakimsifu.

Kusema ni kumuumbua marehemu. Kunyamaza ni kujizika naye. Teodora akasimama.

"Pikipiki hiyo naendesha mimi. Mume wangu alikuwa anakaa nyuma."

Mtu mmoja akacheka, akaishia njiani.

"Unamvua nguo kaka yangu kaburini!" Rwegasira alifoka.

"Simvui. Goti lilikuwa limekufa, nikambeba. Na huko nyuma alikuwa akiimba, shemeji! Ninyi hamjapata kumsikia akiimba. Aibu ilikuwa yenu, yeye alikuwa anawafichia tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

"Mwanamke, kaa chini," baba mkubwa aliamuru.

"Shikamoo, baba. Lakini sikai."

Akanyoosha mkono apewe ufunguo. Rwegasira akautumbukiza kwenye mfuko wa shati, akafunga na kifungo. Teodora alimtazama, akafungua fundo la khanga yake. Ndani mlikuwa na ufunguo mwingine, umechakaa kwa kushikwa.

"Huo mkuki baki nao," alisema.

Akaisukuma pikipiki hadi nje, ilipoegeshwa Kosta, akaegemeza ubao kwenye kichanja. Kazi hiyo ni ya watu wawili, mmoja asukume, mwingine aukanyage ubao usiteleze. Wote walitoka kutazama; hakuna aliyesogea. Alisukuma, gurudumu likapanda nusu, ubao ukaponyoka, pikipiki ikarudi na kumparua mguu. Akasukuma tena. Jasho na machozi vilimtoka pamoja na hakuona sababu ya kuvifuta.

Ubao ukatulia. Sabina, mke wa Rwegasira, alikuwa ameukanyaga kwa miguu miwili.

"Sabina!" mumewe aliita. "Rudi ndani!"

"Sukuma, dada," Sabina alisema bila kugeuka.

Pikipiki ikapanda. Teodora akaifunga kwa mpira, akavuta fundo mara mbili, akahema. Huko nyuma wanaume walikuwa wameanza kubishana wao kwa wao, na Rwegasira akaita tena, safari hii kwa sauti ya kubembeleza.

Sabina hakuondoka. Alipitisha kiganja juu ya kiti cha pikipiki, taratibu, akafuta vumbi ambalo halikuwapo.

"Dada Teo," aliuliza, "anayekaa nyuma hushika wapi?"

Teodora akainama, akaanza kuufungua ule mpira ili pikipiki ishuke tena.