Wapagazi wa Kaburi la Koleta

Asubuhi ya Siku ya Marehemu Wote, mwaka 1974, Apolinaria alinoa jembe lake dogo, kisha akakumbuka kwamba hana kaburi la kupalilia. Kaburi la bintiye Koleta lilikuwa limebaki msituni upande wa Ipole, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Mwezi Agosti malori ya serikali yalikuja kuwahamishia wote kwenye kijiji kipya cha ujamaa, na nyumba zao zikachomwa moto ili mtu asije akashawishika kurudi. Malori yalibeba vinu, kuku na milango. Makaburi hayakuwamo kwenye orodha.

Tangu hapo, kila asubuhi alisimama mlangoni mwa kanisa la nyasi akamlalamikia Mungu kwa sauti, bila kumung'unya maneno.

"Mimi umenileta, mtoto umemwacha. Nani atampalilia? Wewe?"

Katekista Nikolaus, mtu mwema ila mwoga wa kelele, alimsihi. "Mama Koleta, Mkristo hushukuru kwa yote. Siku za kulia zimekwisha."

"Mwalimu, nisipomlalamikia Mungu, nimlalamikie nani? Mwenyekiti?"

Nikolaus alifikiri. Mwenyekiti wa kijiji, bwana Lugembe, alipenda nyumba zilizokaa kwenye mstari, na hakuna aliyewahi kumlalamikia akapata kitu. Basi akamwacha alie.

Siku hiyo, saa tatu, watu wakitoka ibadani, wapagazi wanane walitokea kwenye njia ya zamani ya misafara, wakiimba. Walikuwa vijana wa Kinyamwezi, wamejifunga shuka za merikani, mabega yana sugu, nao walikuwa wamekufa yapata miaka mia moja iliyopita. Apolinaria alipiga hesabu ya umri wao, akaona heri awape shikamoo.

"Marahaba, mama," alisema kiongozi wao, Mahona. "Tupe maji kwanza."

Walimaliza mtungi mzima. Mabegani, juu ya miti miwili, walikuwa wamebeba kaburi: tuta la udongo mwekundu, msalaba wa mninga, magugu ya miezi mitatu. Walilitua taratibu.

"Sisi tulikuwa tukipeleka pembe za ndovu Bagamoyo," alisema Mahona. "Tukafia njiani, hakuna aliyetulilia. Wewe tumekusikia kila asubuhi. Mtoto anayeliliwa hivyo haachwi porini. Hakiki mzigo wako, mama."

Apolinaria alihakiki. Jina lilikuwa lilelile, alilolichonga marehemu mumewe, na herufi ya mwisho imeinama.

"Haujapungua," alisema. Alipiga magoti akalia, na kilio kikapanda chenyewe mpaka kikawa aleluya. Furaha ilimjaa tele. Nikolaus naye aliimba, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Lugembe alifika na kamba ya kupimia. Alisema kaburi limekaa kwenye kiwanja cha nyumba ya kumi na moja. Wapagazi walilisogeza hatua mbili, kisha wakaenda kuleta mengine, kwani mwendo wa siku mbili si kitu kwa mtu aliyekufa. Hadi jua linatua walikuwa wameleta makaburi arobaini na moja, na kila nyumba ilikuwa ikiimba.

Lugembe aliandika wilayani kuuliza la kufanya, na jibu likafika Jumatano. Makaburi yanaruhusiwa kukaa. Watu hawaruhusiwi kurudi makwao. Lugembe alilibandika kwenye mlango wa ofisi, akalipigilia misumari minne.

Wapagazi walikuwa wakijiandaa kuondoka. Apolinaria aliwauliza majina yao, akawalilia wote wanane, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa jina lake na jina la mama yake, bila haraka. Mahona alikuwa wa mwisho. Alipokwisha kuliliwa alijinyoosha, akajipapasa mabega.

"Mepesi," alisema.

Hawakushika njia ya pwani. Waligeuka, mikono mitupu, wakaelekea kwao, wakiimba. Apolinaria aliwasindikiza hadi mwisho wa mstari wa nyumba, mahali alipoamriwa asipite. Akarudi akaipita ile barua mlangoni, jembe begani, aleluya mdomoni, akaenda kumpalilia mwanawe.