Bango Mbele ya Rejeta

Kabla hawajatoka Karema, Esteria alikuwa ameshasema mara tatu. Alisema nyumbani, akasema wakati wa kupakia dagaa, na mara ya tatu alisema akiwa ameshashika usukani: lile bango litoke mbele ya lori. Mdogo wake Faustini alicheka tu. Alikuwa anagombea udiwani, na bango lilikuwa na uso wake, mkubwa kama meza, umefungwa kwa waya kutoka taa hii hadi taa ile.

"Dada, watu wote wa njiani hadi Mpanda wataniona."

"Na upepo utapita wapi? Hii gari imekuzidi umri. Na jua lenyewe ndiyo hili la Oktoba."

Lori waliachiwa na baba yao, la wote wawili, ndiyo maana Esteria hakuthubutu kulikata bango kwa nguvu. Lakini aliyelala chini ya lori kwenye vumbi, aliyesugua rejeta kwa brashi kila Jumapili baada ya misa, alikuwa yeye. Faustini alijua kupanda na kushuka.

Walipoanza kupandisha milima, mshale wa geji ya joto nao ukaanza kupanda. Esteria akapunguza gia, akaenda taratibu, akafungua hita mpaka mwisho ili ivute moto wa injini. Joto likawapiga miguuni. Specioza, mwenye dagaa, aliyeketi katikati, akajifuta uso kwa kitenge bila kulalamika. Faustini akanyoosha mkono akaifunga hita.

"Unataka kutuua kwa joto?"

Esteria akaifungua tena. Faustini akaifunga tena. Kabla hawajafika juu, mvuke ukatoka mbele na gari ikaanza kukosa nguvu. Akaiegesha pembeni, akazima injini.

"Imechemsha," alisema. "Tunakaa saa nzima. Mtu asiguse mfuniko wa rejeta."

"Saa nzima? Nina mkutano saa tisa."

"Faustini, nimesema usiguse."

Akaenda nyuma kuchukua dumu la maji, lita kumi, ndiyo maji pekee waliyokuwa nayo. Alipokuwa anarudi alisikia mlio kama wa kitu kinachopasuka, kisha kelele. Faustini alikuwa amefungua mfuniko kwa shati lake. Maji ya moto yalikuwa yamemrukia mkono wote wa kulia, toka kwenye vidole hadi juu ya kiwiko.

Esteria alisimama na dumu mkononi. Maji yale yalikuwa ya injini. Bila maji yale dagaa wa Specioza wangeshinda juani, na wao pia. Akamsogelea mdogo wake, akamvua saa, akaanza kumwagia mkono polepole. 

"Nilikwambia mara ngapi?"

"Dada, inauma."

"Nimekuuliza, mara ngapi?"

 Esteria aliendelea kumwagia mpaka dumu likaisha. Kisha akachukua kisu, akakata waya za bango moja baada ya nyingine, akalikunja na kulitupa juu ya magunia. 

Specioza ndiye aliyemwona mchungaji, Msukuma mmoja aitwaye Machibya, akivusha ng'ombe barabarani. Machibya alimwelekeza Esteria kwenye kisima bondeni. Esteria akashuka, akapanda na dumu kichwani, akarudia mara ya pili. Injini ilipopoa kiasi, akaiwasha na kumimina maji kidogo kidogo huku ikinguruma, maana maji baridi ya ghafla yangeipasua. Wakaondoka. Upepo ukiwa unaingia vizuri mbele, mshale ulitulia katikati mpaka Mpanda.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi alimuuliza Faustini ameunguaje.

"Gari ilichemsha njiani," alisema, sauti yake ya jukwaani ikiwa imemrudia. "Nikaona abiria wako hatarini, ikabidi nijitoe."

Esteria alikuwa ameketi karibu na mlango, gauni limeloa maji ya kisima, shingo inamuuma. Akainuka.

"Muuguzi, andika alifungua rejeta ya moto baada ya kukatazwa. Na hao abiria unaowasikia ni mimi na huyu mama hapa. Hakuna aliyeokolewa."

"Dada, watu wanasikia," Faustini alinong'ona. Kweli, benchi zima lilikuwa limegeuka.

"Wasikie. Ndio unaowaomba kura."

Muuguzi aliinamisha kichwa, akaandika. Specioza alimshika Esteria mkono, wakatoka pamoja kwenda kushusha magunia kabla soko halijafungwa. Hadi anakata kona ya soko, Esteria alikuwa bado amekaza taya.